Kifua si Ziwa

Nakumbuka siku niliyomsindikiza mama mkwe wangu kwenye kituo cha afya, mwanangu, sisi wawili kwa miguu katika matope ya Masisi. Yeye alijua Kihunde tu, na kituoni walisema Kiswahili. Mimi, bibi arusi wa mwaka mmoja kama wewe uliyeolewa na kijana wangu, ndimi niliyekuwa mdomo wake.

Mganga hakumtazama. Aliniuliza mimi: “Mama iko na shida gani?”

Mama akaniambia taratibu kwamba ziwa lake la kushoto lina uvimbe mgumu. Hauumi, ila unakua. Ee mwanangu, ningetajaje ziwa la mama mkwe mbele ya mwanamume! Hata kula mbele ya mama huyo nilikuwa naona haya. Nikainamisha kichwa, nikamjibu mganga:

“Ni kifua njo inamusumbua, Papa.”

Akapewa dawa ya kikohozi, mama ambaye hakukohoa hata mara moja. Mimi mwenyewe nilimmiminia kwa kijiko mpaka chupa ikaisha.

Miezi ikapita, ziwa likapasuka, likawa kidonda. Hapo nikalia, nikamwungamia. Akanishika mkono: “Hilo neno kifua nalijua. Nilisikia umekosea, nikanyamaza. Nilijiambia, kizee kama mimi, ziwa ni la nini tena?”

Tulimzika kabla maharage hayajakauka shambani. Mpaka leo inaniuma.

Mficha uchi hazai, tunawaambia wasichana wenye mimba. Lakini aliyekwisha kuzaa wake wote, nani humkumbusha? Watu hudhani uzee ndio ugonjwa wenyewe. Sivyo. Ziwa lililonyonyesha nyumba nzima lastahili kushikwa na kupimwa sawa na la msichana.

Nimezunguka sana, nawe umekwisha kuhisi. Mimi pia nina uvimbe, upande wa kulia. Naogopa. Kesho utanisindikiza, na kwa kuwa masikio yangu yamechoka, wewe ndiwe utakayenisemea. Usiinamishe kichwa, hata mganga akiwa kijana mtanashati. Sema ziwa. Akikuuliza wewe, mwambie anitazame mimi mwenye mwili. Akisema bibi amezeeka, muulize wazee hupimwa wapi, na usitoke mpaka akujibu.

Mungu akupe ulimi usioona haya, mwanangu, na siku ukizeeka, akupe mkamwana wa kukusemea.