Mayai Yasiyo na Jogoo

Paa la mabati la nyumba yetu pale Nyalenda lilikuwa na tundu la msumari. Saa sita mchana nilikuwa nafunga mlango na dirisha, kisha nainua yai hadi kwenye mwale wa jua uliopenya hapo. Yai lenye kifaranga lilionyesha mishipa myekundu. Lisilo na kitu lilipitisha mwanga wote.

Miezi miwili kabla ya siku ninayoikumbuka, tulimzika mdogo wangu, bado mchanga. Jogoo wetu wa pekee alichinjiwa waombolezaji. Walikula, wakapangusa midomo, wakaenda zao. Kuku akabaki peke yake bandani. Baadaye akataga mayai tisa, akayalalia.

Siku ya saba niliyapima yote. Hata moja halikuwa na kitu. Nikatoka na bakuli kwa hasira, nikamwambia Mama tuyapike, kwani yule kuku mjinga alikuwa anajichosha bure.

Mama alikuwa anaanika nepi. Hazikuwa zimevaliwa kwa miezi miwili, lakini alikuwa amezifua tena zote.

"Mrudishie," akasema, bila kugeuka.

Nikarudi bandani. Kuku aliyapokea moja moja, akiyavuta kwa mdomo hadi chini ya kifua chake.