Damu ya Mbwa wa Mamluki

Mbwa aliletwa asubuhi katika kiti cha mbele cha gari la jeshi, amelazwa juu ya koti la askari. Mpishi wa mwenye mbwa alikuwa nyuma, mikono imefungwa kwa kamba.

Tulikuwa tumerudi Moroni kutoka Majunga, ng'ambo ya bahari, sisi tulionusurika na mauaji ya watu wetu kule. Nilikuwa nimejifunza kazi ya maabara, basi nikapata nafasi katika ofisi ya mifugo, kupima damu za ng'ombe na mbuzi. Mbwa sikuwahi kumgusa. Kwetu ni najisi, na waliowafuga ndani ya nyumba ni mamluki, wazungu walioshika jeshi letu. Watu wa mtaa wetu wa Magoudjou wakisikia gari lao, walikatiza mazungumzo.

Yule mzungu aliyemleta mbwa hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. "Huyu amemtilia sumu," alisema kwa Kifaransa, akimwonyesha mpishi kwa kidevu. "Mbwa anakojoa damu. Pima, uniambie ni sumu gani."

Mpishi, mtu wa Mutsamudu, kisiwa cha jirani, wa rika la baba yangu, alininong'oneza kwa lugha yetu, "Wallahi mwanangu, sikumpa kitu."

Mzungu alimgeukia, naye akainamisha macho.

Nilimfungua mbwa kinywa. Ufizi ulikuwa umepauka, na weupe wa macho umeingia manjano. Nyuma ya masikio walining'inia kupe walionenepa kama mbegu za mbarika. Nilijua la kutafuta, lakini kujua si kuona.

Nilivuta damu kwenye mshipa wa mguu, nikaipaka juu ya kioo, nikaitia rangi, nikainamia hadubini. Chembe zote zilikuwa za mviringo, safi. Nilizipitia tena na tena, mzungu akiwa mgongoni pangu.

"Umeona?"

"Bado."

"Akifa kabla hujaona, nitakuwa nimeshapata jibu langu."

Ndipo nikakumbuka kwamba wadudu wa damu niliokuwa nikiwatafuta hupenda kujificha katika mishipa midogo. Nilimchoma mbwa ncha ya sikio, nikachukua tone la kwanza. Safari hii niliangalia pembezoni mwa kioo, na huko nikawaona, wawili ndani ya chembe moja, kama matone ya machozi yaliyogusana ncha. Niliiacha hadubini palepale, wasije wakanipotea.

"Njoo uone mwenyewe," nilimwambia. "Hii si sumu. Ni wadudu wa damu, wameletwa na kupe."

Aliangalia kwa muda mrefu. "Na kupe nani amewaleta?"

Nilielewa kwamba anatafuta mtu mwingine wa kumfunga. "Hakuna mtu," nikasema. "Wanatoka kwenye majani ya bustani yako."

Nilimchoma mbwa sindano ya dawa tuliyowapa ng'ombe, kidogo sana, kwa kuwa ikizidi ingemuua. Nikaomba mpishi afunguliwe. "Mbwa akila," alinijibu, akaondoka na mpishi vilevile, kamba ingali mikononi.

Nyumbani mama alinioshea nguo kwa udongo na maji, kuondoa najisi ya mbwa, huku akilia. Kila gari lililopunguza mwendo mlangoni lilitunyamazisha sote. Hatimaye habari ikafika kwamba mbwa ameinuka, anakula, na mpishi amepandishwa chombo kurudi kwao.

Mwaka uliofuata nilitumwa Mutsamudu kuchanja ng'ombe. Nilimuulizia, nikaelekezwa kwenye vichochoro vya mji wa kale. Alinipokea kwa furaha, akanimiminia chai, kisha akaniomba radhi kwa kunipa kikombe kwa mkono wa kushoto. Vidole vya kulia vilikuwa vimekauka, havikunjiki.

"Lakini nilimwonyesha," nilisema. "Aliona kwa macho yake."

"Walikuwa wameshaanza kunihoji kabla ya kunileta kwako, mwanangu."

Mkewe alisimama dirishani, akachungulia nje, akalifunga. Ndipo mzee akaniuliza nimepita njia gani, na kama kuna aliyeniona nikiingia.