Kikasha Chenye Joto

Mimi ni mtu wa kuchagua. Nyumbani walikuwa wakinicheka kwamba nikitumwa sokoni nyanya, narudi jua limezama, na mkononi nina nyanya nne. Basi mwaka ule, kaka yangu amelala kitandani Unguja hawezi kusema, mimi nilikaa London miezi mitatu nachagua kikasha.

Habari ilikuja kwa barua ya mkono. Nilikuwa nikifanya kazi kwenye jiko la uwanja wa ndege, kupanga trei za chakula cha abiria, na watu wa kwetu wanaosafiri walikuwa wakinitumia kama posta. Aliyeandika ni wifi yangu. Kaka alikuwa amepigwa na kiharusi: mkono wa kushoto umelala, ulimi umekuwa mzito, maneno hayatoki. Daktari amesema anasikia na anafahamu kila kitu. "Kila siku ananionesha gitaa lake ukutani," aliandika. "Nikadhani analitaka, nikamshushia, akalisukuma. Sasa nimemfahamu. Anataka wewe umpigie. Mrekodie kile kipande chenu, wifi, ukilete kwa kaseti. Usikawie."

Kwenda mwenyewe nisingeweza. Makaratasi yangu ya ukaazi yalikuwa bado yako ofisini, na mtu akitoka nchini kabla hayajajibiwa, harudi. Nililia siku mbili, kisha nikaacha kulia nikaanza kukasirika, maana mimi huzuni yangu huwa haikai muda mrefu bila kugeuka hasira.

Kipande chetu kilikuwa hakina jina. Kaka alinifundisha nikiwa na miaka kumi na tatu, mlango umefungwa, kwa sababu msichana na gitaa mtaani kwetu yangekuwa maneno. Mama alikaa barazani akichagua mchele, na mtu akija alikohoa mara mbili, nasi tukanyamaza. Kaka alikuwa ameunganisha kipaza sauti, kilichotolewa kwenye mkono wa simu mbovu, na redio ya marehemu baba. Ilikuwa redio kubwa ya mbao, ile ya taa za kioo ndani, ambayo ukiiwasha haisemi mpaka ipate joto. Kaka akiweka kiganja juu ya mbao na kusema, "Bado. Bado. Haya, piga." Na sauti ikitoka nene, ya mviringo, haina ncha hata moja. Hiyo ndiyo sauti niliyotaka aisikie. Niliapa kwamba sitamtumia nyingine.

Nilikuwa na gitaa kavu, maikrofoni iliyokwisha tumika na deki ya kaseti. Nikajirekodi chumbani kwangu Hounslow, karibu na uwanja wa ndege. Nilipojisikiliza nikaona aibu: ilikuwa kama mtu anakwaruza waya wa kuanikia nguo. Kijana wa dukani nilikonunua maikrofoni akaniambia ninachokosa ni priamp, kikasha cha kuikuza ile sauti ndogo ya maikrofoni kabla haijafika kwenye deki. Viko vya kila namna, akasema, na vingine vina joto. Aliposema joto, nikamwona kaka na kiganja chake.

Ndivyo nilivyofika Wembley, kwenye duka la mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa akiuza na kutengeneza vyombo vya sauti vilivyotumika. Alikuwa fundi redio Darajani, akaondoka Unguja baada ya Mapinduzi na mkoba wa bisibisi. Niliingia nikamsalimia kwa Kiingereza. Alinitazama, akaiweka chini chai yake.

"Weye wa wapi?"

"Unguja."

"Basi mbona wanisemesha Kiingereza? Kaa kitako."

Nikakaa. Nilikuwa sijaambiwa kaa kitako na mtu yeyote kwa muda mrefu. Nyumba niliyopanga ilikuwa na watu watano wa shifti mbalimbali, tukijuana kwa viatu mlangoni. Kazini tulivaa kofia za wavu na mashine zilipiga kelele. Jumamosi na Jumapili zilipita sijafungua kinywa ila kupiga mswaki. Watu wanasema London ina watu wengi mno. Mimi nilijionea kwamba mtu anaweza kufa kiu huku miguu iko majini.

"Nataka priamp yenye joto," nikamwambia.

"Kila customer akija ataka joto. Nikimuuliza joto ndo nini, hajui. Weye wajua?"

Nikamweleza redio ya baba na kile kipaza sauti cha simu. Alicheka mpaka akatoa miwani. "Hilo si joto, binti yangu. Hiyo redio ilikuwa mbovu."

Niliudhika, na nadhani aliona, kwani alienda nyuma akarudi na vikasha vitatu. Akaniambia nichukue kimoja kimoja, nikae nacho wiki, nirudishe nimwambie. Mambo ya dhamana hakuyagusa. Mtu wa Unguja atapotelea wapi, alisema, kaseti zako zote zapita uwanja wa ndege.

Cha kwanza kilikuwa safi mno. Kila kitu kilisikika: kucha kwenye waya, kiti, pumzi yangu. Nilikirudisha nikasema kinanisema. Cha pili kilikuwa kinyume chake, gitaa limefunikwa blanketi, na nyuzi nyembamba huzisikii kabisa. Nikasema hiki kimelala. Mzee alikuwa akinicheka, lakini kila nikirudi alikuwa ameshatia maji ya chai kabla sijakaa. Mkewe alikuwa amekufa. Watoto wake wakifahamu Kiswahili vizuri tu. "Lakini nikiwaambia neno wanijibu 'yeah, Dad'," alisema, akiiga sauti yao, na wala hakuwa anatania.

Wiki zikaenda. Kurekodi Hounslow kuna ratiba yake, kwa sababu ndege zinatua juu ya mapaa. Lakini saa tisa alasiri zinabadilishiwa njia, zinahamia upande wa pili wa uwanja, na wiki ambayo ndege zinatupitia sisi asubuhi, alasiri mtaa wetu unapumzika. Nikitoka kazini nilikuwa nakaa na gitaa mapajani nasubiri saa tisa kama mtu anayesubiri futari. Wifi akaleta barua nyingine, fupi: Bado? Nikamjibu kwamba karibu. Nilijua kwamba kiharusi cha pili hakibishi hodi. Nilijua, na bado nikaenda Wembley kuchukua kikasha cha tatu.

Hicho kilikuwa kizito, cha chuma kijivu, na kupitia vitundu vyake uliona taa moja ya kioo ikiwaka rangi ya chungwa. Mzee aliniambia nikiwashe nusu saa kabla ya kukitumia. Ilikuwa Januari. Nilikiwasha, nikaweka viganja vyote viwili juu yake, na baada ya muda vikapata moto. Nilikaa hivyo mpaka saa tisa ikapita. Sikumbuki kama nilikuwa naomboleza au nilikuwa na furaha. Ninachokumbuka ni kusema kwa sauti, peke yangu, "Haya, piga."

Na kweli, ile sauti ikaja. Si ile ya redio hasa, lakini ndugu yake wa tumbo moja. Nene, ya mviringo, haina ncha.

Hapa lazima nieleze kaseti zilikuwa nini kwetu. Kaseti ilikuwa barua. Unaanza kwa kumwamkia mkubwa, halafu unanyamaza kidogo, unamwachia nafasi ya kuitikia, ndipo unaendelea na habari zako. Mama alikuwa akiiitikia redio kaseti kama mtu yuko mbele yake, na aliyerekodi mbiombio bila ya kuacha nafasi aliambiwa London imemharibu. Kwa hiyo na mimi, siku ile, kabla ya gitaa nilisema, "Shikamoo kaka," nikanyamaza, kisha nikapiga.

Lakini ndege moja iliyochelewa ilipita juu ya paa katika ule ukimya. Nilipojisikiliza, nikasikia shikamoo yangu imekauka, ina mafua, na nyuma yake ngurumo inakuja na kupotea. Kisha gitaa, zuri, zuri sana. Nilikuwa nimetumia miezi mitatu kuyafundisha masikio yangu kusikia uchafu, na sasa uchafu ulikuwa ni mimi. Nikaazima deki ya pili, nikanakili kwenye kaseti mpya, nikaanzia kwenye mlio wa kwanza wa gitaa. Nikaisikiliza mara tatu. Nikampa abiria mmoja anayekwenda Unguja, nikarudi chumbani nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Jibu la wifi lilikuja baada ya wiki tano. Nalijua kwa moyo.

"Wifi, kaseti imefika. Alipoisikia alicheka, nusu ya uso ile inayocheka, akaweka kiganja chake kizima juu ya redio kaseti, hajakiondoa mpaka mwisho. Ilipokwisha akanionesha kwa kidole: geuza. Nikageuza, hakuna kitu. Akanionesha tena. Nimegeuza mara nne. Ndipo nilipofahamu kwamba anaitafuta sauti yako. Baadaye akageukia ukutani, na chakula hakutaka. Wifi, mie sikuulizi kwa ubaya. Umeacha kumwamkia kwa kuwa hawezi kuitikia?"

Niliisoma nimesimama, na kofia ya wavu kichwani. Kisha nikaingia kwenye chumba cha baridi cha jikoni, mahali pekee ambapo mtu haulizwi kitu, nikajipiga kofi. Sijui kwa nini nilijipiga. Nilitamani kuna mtu wa kunipiga.

Sikusubiri mpaka zamu yangu ya kupumzika. Nilikwenda Wembley siku ile ile, nikampa mzee barua, nikamweleza ile ndege na nilivyoikata shikamoo. Aliisoma polepole, akaikunja kwenye mikunjo yake. Nilitarajia aseme ndiyo nyinyi vijana, na ningefurahi angesema. Alichosema ni, "Ile ya mwanzo, yenye ndege, unayo?"

"Ninayo."

"Basi peleka ile. Usiisafishe."

Sikupeleka ile. Nilirekodi nyingine, kwa kikasha kile kile, kwa sababu kiganja chake juu ya redio kaseti kilikuwa kweli vilevile na sikutaka kumnyima. Sikungoja saa tisa. Ndege zilikuwa zinapita moja baada ya moja. Nikasema, "Shikamoo kaka." Nikahesabu mpaka kumi na tano, muda mrefu mno kwa mtu mwenye afya, nikaona huo utamtosha na mgonjwa. Kisha nikapiga, na mwisho nikamweleza kila kitu: kikasha, deki mbili, upumbavu wangu. Nikamwomba radhi kwa sauti ile ile ya mafua.

Safari hii hapakuja barua. Ilikuja kaseti, na juu yake mwandiko wa wifi: Sikiliza peke yako. Nilicheka. Ningeisikiliza na nani?

Walikuwa wamerekodi chumba chao wakati kaseti yangu inapigwa. Kwanza nilisikia kuku, mtu anafagia nje, kitanda kinalia. Kisha kwa mbali, kutoka kwenye spika yao ndogo, sauti yangu: shikamoo kaka. Kisha ukimya wangu, na ndani ya ukimya ndege ya Hounslow inapita juu ya nyumba ya Unguja. Nikasikia pumzi. Mtu anavuta pumzi kama anayenyanyua gunia.

"Ma."

Ndege ikapotea. Pumzi tena, ndefu zaidi.

"Ra."

Na hapo gitaa likaanza. Gitaa langu, nene, lenye joto, likamwingilia katikati ya neno. Nilipiga kelele pale chumbani, "Ngoja!" Namwambia nani, sijui, mwenye kupiga alikuwa mimi. Kaka akanyamaza. Nikamsikia wifi ananong'ona, "Malizia, baba. Malizia tu." Gitaa linaendelea, halina habari, na mimi nimeishika redio kaseti yangu kwa mikono miwili. Kipande chetu kilikuwa kimeshafika kwenye mzunguko wa pili ndipo aliposema, juu ya nyuzi, nje ya mapigo kabisa, yeye ambaye hakuwahi kukosa pigo katika maisha yake:

"Haba."

Nililia nikacheka, na hapakuwa na mtu wa kuuliza kuna nini. Jozi tatu za viatu zilikuwa mlangoni, wenyewe wamelala.

Kesho yake, baada ya kazi, niliwasha kikasha, nikaweka viganja juu yake nusu saa nzima kama inavyotakiwa. Gitaa nililiacha ukutani. Nikabonyeza kitufe cha kurekodi, nikasogea karibu na maikrofoni, nikasema, "Shikamoo kaka." Kisha nikaiacha kaseti izunguke mpaka upande wote ukaisha, na muda wote huo nilikaa pale pale, nimenyamaza, nisije nikamkatiza tena.