Maembe Ndani ya Hema

Nyie mliokulia Mwamkulu kama mimi mtakumbuka likizo za Desemba: asubuhi kupalilia, mchana kucheza rede mpaka matope yanakauka miguuni, jioni michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kuchemsha na karanga. Wanangu leo ukiwapa michembe wanauliza kama ni dawa.

Likizo ninayoikumbuka zaidi nilikuwa darasa la tano. Shangazi Kabula, dada yake baba, alikuwa mpishi kwenye lodji ya mahema ndani ya hifadhi ya Katavi. Mvua zikianza wageni hupungua, basi akaruhusiwa kutuchukua mimi na mdogo wangu Milembe, wa miaka sita, tukalale siku mbili. Mama alitufungia maembe mabivu kwenye mfuko, akanishika bega. "Milembe akipata baya lolote, usirudi hapa peke yako."

Tulipofika, shangazi aliuliza, "Mna chakula chochote? Tembo ananusa tunda kutoka mbali. Vyote vinakaa jikoni."

Nikasema hatuna. Niliogopa maembe yataliwa na watu wazima. Nikausukuma mfuko chini ya kitanda, na tangu hapo roho haikutulia. Hata tulipozungushwa na gari tukaona viboko wamebanana mtoni, mimi nilikuwa nawaza ule mfuko tu.

Kesho yake saa nne asubuhi Milembe alikuwa bado amelala. Nilikuwa jikoni namenya vitunguu niliposikia turubai linachanika. Tembo dume alisimama mlangoni pa hema letu, mkonga wote ndani.

Nilifungua mdomo nipige kelele, shangazi akauziba.

"Ukimshtua atamkanyaga," alinong'ona.

Mzee Luhende, dereva, akaliwasha gari na kulisogeza polepole, lakini tembo hakujali. Aliutoa mfuko nje, akaupasua, akala embe moja moja bila haraka. Sijawahi kusubiri muda mrefu namna ile. Alipomaliza ndipo akageuka, akaingia porini.

Tulimkuta Milembe amejikunja chini ya kitanda, amejikojolea, mzima. Jioni ndipo aliposimulia. "Mkonga ulinigusa mguu," aliniambia, "nikanyamaza." Nikaenda kukiri kwa shangazi. Nilitegemea fimbo, lakini alikaa chini kwenye majani, akalia. Sikuwahi kumwona mtu mzima akilia kwa sababu yangu.

Mwezi uliopita niliwapeleka wanangu hifadhini. Siku hizi lodji zina intaneti, na hilo ndilo walilouliza kwanza. Tulipokutana na tembo, binti yangu alitoa nusu ya mwili kwenye dirisha la gari na simu yake.

"Mama, unatingisha video," alilalamika, maana nilikuwa nimekamata gauni lake kwa mikono miwili.

Sisi hatukuwa na video. Tulichokiona tulikibeba kichwani pamoja na hofu yake, na hofu ile ndiyo iliyotufundisha kusikia tukiambiwa. Hawa wangu hawaogopi kitu. Kazi ya kuogopa wameniachia mimi.

Mchana nikampigia Milembe, ambaye sasa ana duka lake Mishamo. Simu ilikatika mara mbili. Alipopatikana nikamwambia tuko hifadhini. Hakuuliza tumeona wanyama gani.

"Watoto wako wapi?"

"Wapo mbele yangu. Nawaona."

"Hebu waite majina," akasema, "niwasikie wakiitika."