Mume Wangu Alivyotajwa Bungeni

Mume wangu alitajwa katika Baraza la Juu la Bunge la Uingereza, lile la malodi, miezi michache baada ya kumzika. Aliyemtaja ni mheshimiwa mmoja, mama wa makamo, aliyekuja kwetu Wembley, London, akanywa chai na kuniuliza habari za watu waliokuja kwa viza kutunza wazee. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Moyo wake ulisimama akiwa kazini. Nilimweleza nilivyoweza, Kiingereza changu ni cha kazini tu.

Siku alipozungumza tulitazama kwenye simu, mimi na wifi yangu, dada wa marehemu. Mheshimiwa alisimama, akasema mume wangu aliipenda kazi yake, akawahudumia wazee kwa furaha mpaka siku ya mwisho.

Wifi akapiga makofi. "Umesikia? Kaka yangu katajwa na malodi! Hata mwenyekiti wa mtaa wetu Tanga hajawahi kumtaja."

Mume wangu hakuipenda kazi ile. Asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, akisema, "Leo siendi." Halafu akaenda, kwa sababu viza yake ilimfunga kwa mwajiri mmoja, na akiacha kazi tunaondoka nchini. Sasa ikiwa alikuwa na furaha, nani atauliza kwa nini hakupumzishwa?

"Nitampigia mheshimiwa arekebishe," nikasema.

"Arekebishe nini? Unataka waseme kaka yangu alikuwa mvivu?"

"Waseme alichoka."

"Mtu kashakufa, wifi. Mwache asemwe vizuri."

Nilimwelewa. Yeye ndiye aliyemtafutia kazi ile.

Nilipiga simu hata hivyo. Mheshimiwa akasema alidhani ananifariji. Akanieleza kwamba maneno yakishasemwa mle ndani huandikwa, hayafutwi. Atakachoweza ni kusimama tena, mjadala kama ule ukirudi. Nikamwambia nitasubiri. Nikaendelea na kazi zangu, na siku nyingine nilisahau kabisa kwamba kuna jambo nasubiri.

Mjadala ulirudi. Dakika alizopewa zilikuwa chache. "Mara iliyopita nilisema aliipenda kazi yake," alisema. "Mjane wake ameniambia sivyo. Alikuwa amechoka, na hakuwa na njia ya kuacha." Nyuma yake mzee mmoja alikuwa anasinzia. Mheshimiwa akaketi, akasimama mwingine kuzungumzia gharama za nyumba za wazee.

Wifi hakupiga simu siku ile. Jumapili alikuja, akakaa jikoni na koti lake mwilini.

"Kaka alinilaumu?" akauliza.

Ningeweza kusema hapana.

"Kuna siku alikulaumu," nikasema. "Siku nyingine alishukuru kwamba ulimtafutia kazi."

Akalaza kichwa mezani, akalia. Nilikaa tu kwenye kiti changu. Nilikuwa nimechoka mno, sikuweza hata kumbembeleza.