Koti la Baba Ndani ya Diski

Baba yangu hakupenda kupigwa picha. Akiona mtu ameinua kamera aligeuka kana kwamba ameitwa nyuma ya nyumba, na ukimfuata alikuuliza, "Sura yangu mnaijua, sasa mnataka kuipeleka wapi?" Alipofariki, juu ya jeneza tuliweka picha ya kitambulisho chake cha reli, imekuzwa mpaka haijulikani kama ni yeye au ni shemeji yake. Sauti ndiyo kabisa, haikubaki popote.

Isipokuwa mahali pamoja. Siku ya kuanua tanga, mtani wake alivaa koti la marehemu akaanza kumwigiza mbele ya waombolezaji, na mpiga video tuliyemkodi alikuwa amesimama hapo hapo. Baba alikuwa Mngoni, mjukuu wa manamba aliyeletwa kukata mkonge, na mtani ni Mhehe. Babu zao walipigana, wao wakabaki kutukanana kwa raha zao, huyu mla mbwa, yule mla panya, na msibani mtani hana adabu wala hatakiwi kuwa nayo. Lakini hawa wawili walikuwa na zaidi ya utani. Kabla mtani hajahamia Ruhembe kulima miwa, walifanya kazi genge moja la reli pale Kidete, ambako kila masika mto Mkondoa ulikula tuta na wao wakarudisha mawe. Mtu uliyebeba naye mataruma ya reli miaka yote hiyo unamjua mpaka anavyopiga chafya.

Video ile niliinakili kwenye diski ya nje, kale kaboksi keusi kenye waya, pamoja na picha zote za familia, nikaiweka kabatini chini ya mashuka. Miaka tisa sikuifungua. Nilikuwa na amani ya mtu anayejua kitu chake kiko wapi. Watoto wangu wakiniuliza babu yao alikuwa mtu wa namna gani, niliwasimulia mtani alivyoingia na koti, mikono nyuma, alivyokagua milango yote akifoka, "Nani kaacha mlango wazi? Mnafuga mbu?", alivyofunua chungu cha mboga na kununa, alivyokaa kwenye kiti cha baba akauliza mbona watu wamejaa, kuna sherehe gani hapa. Nikawaahidi kwamba siku moja nitawaonyesha. Siku moja hiyo haikuwa na tarehe.

Masika ya mwaka huu nilikuwa darasani, maana ninafundisha sekondari hapa Kilosa. Mwanafunzi akaingia, akauacha mlango wazi, mvua ikawa inapiga ndani. Nikafungua mdomo nimfokee kama baba. Maneno yalikuja, sauti haikuja. Nilitaka kuisikia kichwani kwanza, jinsi alivyolivuta lile neno "mlango", nikakuta kimya. Niliogopa. Nilimaliza kipindi sijui nimefundisha nini, nikaenda moja kwa moja nyumbani Mabwerebwere nikaitoa diski chini ya mashuka.

Nilipoichomeka taa yake iliwaka, nikafurahi. Kisha ikaanza kugonga, tik, tik, tik, ikanyamaza, ikaanza tena. Kompyuta ikafikiri weee, halafu ikaniuliza kwa adabu kama ningependa kuiformati. Mimi ni mwalimu, nikiulizwa kwa adabu huwa najibu. Kidole kilikuwa tayari kwenye "ndiyo" nilipokumbuka kwamba jibu hilo hilo ndilo lililomfutia mwenzangu alama za kidato kizima. Nikachomoa waya haraka.

Kilichofuata nakieleza kwa aibu. Nilibadilisha waya. Nilihamia tundu jingine. Niliipiga kofi, la upole. Halafu nikafanya kile tunachoifanyia simu iliyotumbukia majini: niliifukia kwenye ndoo ya mchele siku mbili nzima. Mchele tuliupika, tukaula, na diski ikaendelea kugonga. Fundi simu wa pale stendi aliiweka sikioni, akatikisa kichwa, akasema, "Hii imeshaondoka, mwalimu. Pole sana." Alinipa na mkono kabisa. Nilikasirika, maana sikuwa tayari kufiwa mara mbili na mtu yule yule. Bahati nzuri kabla sijamjibu vibaya alinielekeza kwa fundi mwingine, wa Mikumi.

Nilisafiri Jumamosi, diski nimeiviringisha kwenye khanga na kuipakata mapajani. Tulipopita kijiji cha Ulaya mama aliyekaa pembeni yangu aliniuliza kama ni mayai. Nikasema ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Fundi wa Mikumi ni mtu wa makamo, zamani alikuwa fundi redio, na kibanda chake kinatazama barabara kuu. Diski hakuigusa. Alivuta kiti akasema, "Kwanza niambie umeifanyia nini." Nikamweleza habari za waya, za tundu, hata za kofi. Mchele nikauruka. Akachukua kibanio chembamba, akakiingiza kwenye tundu la waya, akatoa chenga moja nyeupe na kuiweka mezani mbele yangu.

"Na huu?"

"Ni wa Kilosa," nikasema.

"Mwalimu, mchele haujawahi kutengeneza kitu isipokuwa pilau." Hakucheka hata kidogo.

Alifungua kasha la plastiki polepole, akanionyesha kibao kidogo cha kijani mahali waya unapoingilia. Kilikuwa kimeota kutu. Akasema diski yenyewe bado nzima, ila kibao hicho ndicho kinachoipelekea umeme, na kimeoza. Kwa hiyo inaamka, inakosa nguvu, inalala, na kule kugonga ndiko kuamka kwenyewe. Hapo nikakumbuka masika ya mwaka juzi, maji yalipoingia ndani mpaka rafu ya chini ya kabati. Mashuka niliyafua na kuyaanika vizuri sana. Diski niliifuta kwa kitambaa nikairudisha pale pale.

Akaitoa kwenye kasha lake bovu, akaiunganisha na mashine yake kwa kibao kingine. Haikugonga. Ilivuma tu, sauti ndogo ya kawaida, na mimi nikashusha pumzi ambayo nadhani niliibeba tangu Kilosa. Lakini furaha ilikuwa ya muda. Orodha ya vitu ilikuwa imeharibika. Vitu vipo, alisema fundi, ila diski haikumbuki vinaitwaje wala viko wapi. Akakataa kuanza kutafuta siku ile. Alitaka kwanza anakili kila kitu kwenye diski nyingine, ndipo ahangaike na nakala, ili akikosea asiwe amekosea juu ya kitu changu. Nililala kwa ndugu yangu hapo Mikumi, na kesho yake baada ya ibada nikarudi kibandani.

Vilikuwa vimerudi karibu vyote, bila majina, namba tupu. Ikabidi tufungue kimoja kimoja. Sijui niielezeje asubuhi ile. Nilitaka video moja tu, lakini kila alichobonyeza fundi kilinishika mkono. Mama yangu anapepeta mahindi, amekunja uso kwa jua, kitenge kile cha bluu ambacho baadaye kilikuwa pazia la jikoni. Kota ya reli tuliyokulia, na ule ukuta tuliopimiana urefu kwa mkaa. Mimi na ndugu zangu kwenye benchi la stesheni, nguo za Krismasi zimeshonwa kwa kitambaa kimoja, tumekaa kama mapazia ya nyumba moja. Baba hayumo. Katika picha moja tu nilikiona kiwiko chake pembeni, anatoka. Nilimwambia fundi, "Huyo ndiye yeye," na yeye akakikuza kile kiwiko bila kuniuliza kwa nini.

Kuelekea saa sita tukaipata. Nikaona ua wetu, turubai, masufuria, nyuso za watu ambao wengine sasa nao wamelala. Mtani akatokea upande wa choo, koti la baba limemkaa fupi mikononi, mikono nyuma. Akasimama. Akakohoa mara mbili, mhm, mhm, na nywele zilinisimama, maana alikuwa ni baba. Akafungua mdomo. "Nani ka..."

Sauti ya mwanamke, karibu sana na kamera, ikamkata. "Zima hiyo! Zima, nimesema! Tuko msibani, hatuko ngomani!" Picha ikainama, ikaonyesha miguu ya watu na vumbi, ikawa nyeusi.

"Imekatika," fundi alisema. "Ngoja nione kama kipande kingine kipo." Akaanza kutafuta. Alitafuta kwa bidii, na mimi nilimwacha atafute kwa muda ambao haukuwa wa haki kwake.

"Usihangaike, fundi," nikasema mwishowe. "Hiyo sauti ni yangu."

Nilikuwa nimekuja msibani kutoka Dar es Salaam na wakwe zangu, watu wa mjini, watulivu, na niliona aibu. Niliona aibu wamwone mtu amevaa nguo za marehemu na watu wanacheka. Nikafoka, nikaingia chumbani, nikakaa kitandani nimeelekea ukutani. Nje walicheka kwa muda mrefu, nikawachukia wote. Habari za milango, za chungu cha mboga, za kiti, nilisimuliwa na mama siku zilizofuata, naye alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Nikawasimulia watoto wangu, nikawasimulia tena, mpaka nikaamini nimeyaona kwa macho yangu. Sikuyaona. Diski haikupoteza kitu. Ilinitunzia kwa uaminifu kile nilichoipa.

Fundi akaniuliza jambo la fundi. "Huyo mwenye koti, yupo hai?"

Sikurudi Kilosa mchana ule. Nilipanda gari la Kidodi, kisha bodaboda mpaka Ruhembe, katikati ya miwa. Walikuwa wamechoma shamba mahali fulani na majivu meusi yalikuwa yanaelea hewani. Miaka tisa nilijua anakoishi na sikuwahi kwenda hata kumjulia hali.

Nilimkuta sebuleni, miguu imevimba, ameinyoosha juu ya kigoda. Amekonda. Nikapiga magoti nikamwamkia, shikamoo.

"Marahaba, mtoto wa mla panya," akasema. "Leo umekuja kuzima nini?"

Nilicheka, halafu nikalia, vyote kwa mpigo mmoja kama mama yangu. Nikamwomba radhi. Akasema radhi ya mtani haitolewi hivi hivi, faini yake ni jogoo, tena asiwe yule wa Kingoni aliyekondeana. Nikakubali jogoo. Nikamweleza mambo yote, darasa, diski, fundi, chenga ya mchele, kisha nikatoa simu yangu nikaiweka mezani, nimeshaiandaa kurekodi.

"Mtani, naomba umwigize tena. Kidogo tu. Nimeisahau sauti yake."

Aliitazama ile simu. Mzaha ulimtoka usoni.

"Baba yako alizikimbia hizi mashine maisha yake yote," akasema. "Leo hana miguu ya kukimbilia, ndiyo nimkamate mimi nikukabidhi? Siku ile ulipoifokea kamera, wenzangu walikukasirikia. Mimi nilisema huyu katumwa na marehemu mwenyewe. Iweke, mwanangu."

Nikairudisha simu mkobani. Nilikuwa nimeumia, sitaficha, lakini hata mimi niliona ana haki. Tukanywa chai. Alinisimulia Kidete: tuta linavyokatika usiku na baba anavyokuwa wa kwanza kufika, amevaa hilo hilo koti juu ya kaniki, anafoka kama vile mto ni kibarua wake. Sikuwa nimewahi kuyasikia. Jua lilipoinama nikaaga, nikaahidi jogoo kwa mara ya pili, nikatoka nje nikavaa viatu.

Nilikuwa nimefika katikati ya ua.

Nyuma yangu mtu akakohoa mara mbili. Mhm, mhm.

"Biiinti! Mlaaango!"

"Abee, baba," nikaitika.

Lilikuwa limeshatoka kabla sijajua kwamba nimefungua mdomo, kwa sauti nyembamba ya miaka kumi. Nikasimama palepale, majivu ya miwa yananiangukia kwenye khanga. Sikugeuka haraka. Nilijua nikigeuka nitamwona mzee wa Kihehe mwenye miguu iliyovimba, na nilitaka kusimama na baba yangu kidogo.

Kisha nikarudi nikaufunga.