Keki ya Limau na Vidonge vya Mzee Clem

Noreen Tehan, muuguzi mkuu wa makao yetu ya wazee, hapigi kelele. Mimi, mpishi wake, ndiye ninayepiga kwa niaba yetu sote.

Ijumaa ile ilikuwa siku ya maonyesho ya kilimo, na huku kwetu kwenye mashamba ya ngano siku hiyo hufungwa kila kitu, duka la dawa likiwemo. Hospitali ikachagua siku hiyohiyo kutuletea Mzee Clem Rudduck, mwenye maradhi ya kutetemeka. Noreen alikuwa amewapigia simu mapema, waje na dawa zake. Wakaitikia vizuri tu. Tukafungua mfuko: ndala, kofia na karatasi ya daktari, basi. Nilitamani kumrushia mtu sufuria.

Mzee yule akicheleweshewa kidonge mwili hukakamaa, hata mate yakamshinda kumeza. Sasa kidonge chenyewe kitapitaje? Dereva wa ambulensi akasema kwa upole kwamba duka la dawa litafunguliwa Jumatatu, na Jumatatu si mbali.

“Kwako si mbali, ndugu yangu,” Noreen akamwambia. “Wewe unameza.”

Akachukua ufunguo wa gari, nami nikapanda kabla hajanikaribisha. Nilijua alipo Vogel, mfamasia wetu: kule maonyeshoni, kwenye hema la mashindano ya keki, maana ndiye jaji. Keki yangu ya limau ilikuwa pale mezani. Miaka nenda rudi mshindani wangu Beryl ananiacha nafasi ya pili, na safari hii niliapa atanitambua. Tulimkuta Vogel ana uma mkononi, ameshaonja ya Beryl, yangu ndiyo inayofuata. Roho iliniuma jamani. Noreen alinitazama.

“Weka uma chini, Vogel,” nikasema mimi mwenyewe. “Kafungue duka.”

Beryl akapewa utepe wake wa ushindi. Mimi nikabeba keki yangu kwapani nikarudi kazini.

Tangu siku ile Noreen hampokei mzee mpya mpaka dawa zake ziwe zimeshaingia kabatini kwetu. Hospitali walinung’unika weee, wakazoea.

Lakini Ijumaa ileile, kufika saa ya chai, kidonge kilikuwa kimeshamwingia na vidole vya Mzee Clem vilikuwa vimelegea. Noreen akanipa ishara kwamba sasa anaweza kula, nikamkatia kipande. Akashika uma mwenyewe, akatafuna, akameza, sisi tumemkodolea macho.

“Kavu kidogo hii, mama,” akasema.

Nikamkatia kingine, kikubwa zaidi.